Askofu wa Vyumba Vyeupe

Siku Boazi Nzowa alipotoa hukumu mbovu alikuwa ameshiba, amekaa kivulini, na hakuna mtu aliyemharakisha. Hakuwa na cha kujitetea.

Ilikuwa Agosti. Loisi, mkewe, alikuwa na miezi mitatu kaburini kule Mbozi, pembeni ya mibuni ya ukoo, na Boazi alikuwa amerudi Tunduma siku ya tano baada ya maziko kwa sababu semi mbili za mahindi zilikuwa zinamsubiri. Watu walisema ana roho ngumu. Hawakuwa mbali na ukweli, ila haukuwa ugumu. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu. Mguu wa namna hiyo unakubeba vizuri tu. Unaukanyagia, unafika unakokwenda, ila huusikii.

Boazi ni dalali wa mizigo. Mwenye mpunga wa Msangano anatafuta lori la kwenda Lubumbashi, mwenye lori hataki kwenda tupu, na katikati yao anasimama Boazi na simu mbili. Hana ofisi, hana mhuri, hana hata meza. Akisema lori hili lina breki, mwenye mzigo hainami kuangalia chini. Akisema mzigo huu ni mkavu, dereva hafungui gunia. Miaka thelathini na moja amekula, amejenga na amesomesha kwa neno hilo, upande wa Tanzania na upande wa Zambia, na hajawahi kuliandika popote.

Alitoka Mbozi akiwa na miaka kumi na saba. Ndugu walikuwa saba na shamba la kahawa lilikuwa moja, hesabu hiyo haikuhitaji shule. Tunduma alianza kwa kubeba magunia. Mwaka wake wa pili akapewa kazi ya kulinda lori la Mzambia mmoja mzee lililovunjika ekseli, na kifaa kilichelewa wiki tatu. Ndani ya wiki hizo tatu mzee yule alimfundisha sataranji, ambayo mpakani kila mtu anaiita chesi. Hakumfundisha kuanzia mwanzo. Alimwekea kete mbili tatu tu ubaoni, mfalme na askari, mfalme na ngome, akamwambia, "Mwanzo utajifunza kwa kupigwa. Huku mwisho ndiko watu wanakoibiwa." Boazi, ambaye hakupenda kuibiwa, alishika.

Kwa hiyo madereva na wafanyabiashara wa Tunduma na wa Nakonde, mji wa Zambia ng'ambo ya mpaka, walipoanzisha mashindano yao ya kila Agosti, walipotafuta mwamuzi ambaye pande zote mbili zingemkubali, hawakuzunguka. Walimchukua yeye.

Na mwamuzi alihitajika kweli, kwa sababu ya foleni. Madereva wanacheza wakiwa kwenye mstari wa kuvuka mpaka. Mstari unaweza kulala siku mbili bila kutikisika, halafu saa moja ukaondoka wote. Foleni ikisogea, dereva anakimbilia usukani. Akichelewa dakika tano wenzake wanamjazia nafasi na anarudi mkiani. Ndiyo maana wakaweka sheria: foleni ikisogea, mchezo umekwisha, kete zinabaki zilivyo, na mwamuzi anatamka nani alikuwa anashinda. Hakuna rufaa. Miaka kumi na moja Boazi alitamka, na hakuna aliyewahi kumpandishia sauti.

Tuzo yenyewe ni bao la mninga lenye kete za kuchongwa. Upande ulioshinda unakaa nalo mwaka mzima. Matokeo yakilingana, linabaki lilipo. Na lilikuwa Nakonde, mwaka wa nne mfululizo, jambo lililowauma watu wa Tunduma kuliko walivyokubali kusema.

Mwaka huo, hadi mchezo wa mwisho, pande zilikuwa zimelingana. Wa mwisho walikaa Ishaka na Dennis, kwenye mgahawa wa Fauzia, mwanamke wa Kondoa anayewapikia madereva supu na chapati pale karibu na maegesho. Ishaka ni muuza maturubai, alitoka Singida na begi moja na sasa ana duka lenye kona mbili. Dennis Silwamba ni dereva, Mnamwanga wa Nakonde, mtu wa maneno machache na tumbo kubwa.

Ishaka alimbana kuanzia mapema. Kufikia saa nane mchana Dennis alikuwa na mfalme na farasi tu. Halafu akamtoa farasi. Akampiga naye askari mmoja wa Ishaka, wa mstari wa pili kutoka ukingoni, Ishaka akamla farasi, na mgahawa mzima ukacheka.

"Dereva amechoka huyo!" Ishaka alisema. "Fauzia, mpe chapati, njaa inamharibia akili."

"Nimeshakula," Dennis alisema, akamsogeza mfalme wake kwenye kona.

Ubaoni sasa Ishaka, mwenye kete nyeupe, alikuwa na mfalme, askofu na askari wawili, mmoja nyuma ya mwenzake kwenye mstari wa ukingoni kabisa. Dennis alikuwa na mfalme mtupu, amejikunyata kwenye kona ambayo askari wale walikuwa wanaielekea ili mmoja ageuke malkia. Hapo honi zikaanza. Foleni imesogea. Dennis akasimama, akavaa kofia, akampungia Boazi mkono, akaenda. Kwake hapakuwa na cha kubishaniwa.

Boazi akatoa simu. Tangu Loisi aumwe alikuwa ameacha kukaza macho ubaoni; alikuwa na programu ya chesi, anaipangia mkao uliopo, inampa namba. Ikisema jumlisha mbili, mweupe anaongoza. Ikisema jumlisha tano, mweupe ameshashinda, imebaki kumalizia tu. Akaupanga mkao. Programu ikafikiri kidogo. Jumlisha saba.

"Ishaka," alisema Boazi. "Tunduma."

Wakampandisha Ishaka mabegani. Bao likavushwa kutoka Nakonde jioni ile ile kwa bodaboda, likatundikwa ukutani kwa Fauzia, na Ishaka akawanunulia soda hata watu asiowajua. Boazi alikunywa yake, akaaga, akaenda kukagua lori la maharage. Hakusikia furaha, na hakushangaa kutoisikia.

*

Dennis alirudi baada ya siku kumi na tisa, akitokea Ndola, safari hii amebeba shaba ya kwenda Dar. Aliegesha, akaja kwa Fauzia kabla hata hajanawa uso. Ilikuwa saa nne asubuhi na mgahawa ulikuwa na watu wawili, yaani Boazi na mtu aliyelala juu ya meza.

"Mudala, mulishani," alisema Dennis. Anamwita Boazi hivyo siku zote, mudala, mzee, kama wanavyoitana upande wa pili.

"Salama. Safari?"

"Safari ni barabara tu. Nilipigiwa simu nikiwa Mpika. Wananiambia umeshindwa. Nikauliza, nimeshindwa na nani? Wananiambia, na mwamuzi." Akavuta kiti. "Sikuja kugombana."

"Kaa."

"Nimekaa. Nakuuliza kitu kimoja tu. Siku ile uliangalia bao, au uliangalia simu?"

Boazi akatazama bao pale ukutani. Dennis akainuka, akalitungua bao ukutani, akapanga kete tano tu za siku ile. Chumvi ya Fauzia ilikuwa inamzuia mkono, akaisogeza pembeni.

"Wewe ni Ishaka," alisema. "Nifunge."

Boazi akamsukuma askari wa mbele. Dennis akamtoa mfalme kwenye kona, akamweka chumba cha jirani. Boazi akasogeza mfalme wake. Dennis akarudi kona. Askofu akaja. Dennis jirani. Mfalme akakaribia. Dennis kona. Kwenye hatua ya tatu Boazi alikuwa ameshajua, ila mkono uliendelea, kama mtu anayehesabu magunia aliyokwisha kuambiwa kuwa hayatoshi. Kona ile ilikuwa nyeusi. Askofu wa Ishaka alikuwa wa vyumba vyeupe, na askofu wa vyumba vyeupe havikanyagi vyeusi mpaka anazikwa. Angeweza kumfungia Dennis chumba cha jirani, lakini kumtoa kwenye kona hana uwezo. Na akishamfungia chumba cha jirani, mfalme wa Dennis hana pa kwenda na wala hajashambuliwa, na kwenye chesi hiyo ni sare.

Akamfungia. Sare.

"Tena?" Dennis aliuliza.

"Hapana."

Hilo lilikuwa miongoni mwa mambo ambayo yule mzee wa ekseli alimfundisha. Askofu na askari wa ukingoni, tazama kwanza rangi ya kona. Boazi alikuwa na miaka kumi na tisa alipolijua. Angeinua macho mara moja tu siku ile angeliona, kama anavyoona tairi lililochongwa upya hata likipakwa rangi.

"Farasi ulimtoa makusudi," alisema.

"Awe, hapana, mudala, nilichoka, si mlisema?" Dennis akacheka kidogo, kisha akaacha. "Yule askari wa mstari wa pili ndiye angeniua. Hawa wa ukingoni niliwapenda." Akasimama. "Mimi sitasema kwa mtu. Foleni ikisogea, mwamuzi ametamka. Sheria ni sheria, na bao mmeshalizoea. Nilitaka ujue tu kwamba mimi najua."

Akaondoka. Boazi akazirudisha kete kwenye mfuko wa bao, akalitundika bao mahali pake.

*

Mchana alimpigia binti yake, Ikupa, anayefundisha hesabu kule Chitete. Hawakuwa wakipigiana sana tangu Mei. Kila mmoja alimwogopa mwenzake kidogo.

"Shikamoo baba. Umekula?"

"Marahaba. Nimekula. Ikupa, hii programu uliyoniwekea inadanganya?"

Akamweleza mkao. Ikupa akatafuta karatasi. Akauchora, kalamu ilisikika.

"Haikudanganya, baba. Ilikisia."

"Mashine inakisia?"

"Kete zikiwa nyingi, ndiyo. Inapita njia, mimi hapa wewe pale, mimi hapa wewe pale, mamilioni. Lakini haiwezi kufika mwisho wa zote. Inafika mahali inakoma, inatazama kilichobaki, inasema, huyu ana mali zaidi, mpe saba. Kama wewe unavyokadiria mzigo kwa macho."

"Mimi nikikadiria sikosei saba nzima."

"Sasa sikiliza. Kete zikibaki chache, tano, sita, hadi saba, hakuna haja ya kukisia. Watu walishazimaliza. Walianza na mfalme aliyekwisha kufungwa, wakarudi nyuma hatua moja, wakauliza, tulifikaje hapa? Wakarudi nyingine. Kinyumenyume mpaka wakamaliza kila mkao unaowezekana, wakaandika jibu lake. Huu unashinda kwa hatua kadhaa, huu unashindwa, huu sare. Ni majedwali. Programu yenye majedwali ikifika huko haifikiri kabisa. Inafungua, inasoma."

"Na yangu?"

"Nilikuambia uyashushe."

Boazi alikumbuka. Simu ilimuuliza, mwezi wa nne, wakiwa wodini, kama ashushe faili la GB moja. Aligusa hapana, kwa sababu bando lilikuwa la kupigia ndugu.

"Hiyo moja ni ya kete tano tu, baba. Ya sita haiingii kwenye simu yoyote uliyowahi kushika, na ya saba usiulize. Lakini ya tano ingetosha. Bila hiyo, mashine yako iliona askofu na askari wawili, na kule kwa mwenzako mfalme mtupu, ikasema saba. Ungeiacha mpaka Krismasi ingesema saba. Ungecheza hatua yake ya kwanza, saba. Ya ishirini, saba. Na hakuna hatua hata moja ambayo ingekupa malkia."

"Inasema umeshinda, na huli."

"Ndiyo hivyo." Akasita. "Baba, unalala?"

"Ninalala."

"Mimi silali sana."

Boazi akahamishia simu sikio la pili. "Njoo Jumamosi," alisema hatimaye, na ilikuwa sauti ile ile anayomwambia dereva aje kupakia.

Alikaa na jambo lile siku mbili. Angependa kusema lilimtesa, ila halikumtesa. Hakuna kitu kilichokuwa kinamtesa siku hizo, na hapo ndipo palikuwa na ugumu. Zamani angesikia joto shingoni na joto lingemwamulia. Sasa alilazimika kuamua kwa akili kavu, kama anapima bidhaa ya mtu mwingine.

Akaipima. Akinyamaza, bao linabaki, Ishaka anaendelea kutembea kifua mbele, na hakuna anayejua isipokuwa Dennis, ambaye hatasema. Akisema, Tunduma watamwita kibaraka wa Nakonde, na mwamuzi aliyekosea mara moja wataanza kumfukua miaka yote kumi na moja. Biashara nayo itaguswa. Lakini Dennis analala kwenye maegesho na madereva mia. Hatasema, ila siku Boazi atakapomwambia lori hili lina breki, Dennis atainama kuangalia chini. Na mmoja akishainama mbele za watu, wanainama wote. Neno lake lilikuwa ndiyo mali yote aliyonayo, na alikuwa amelitoa likiwa bovu. Bidhaa mbovu hurudishwa kabla mnunuzi hajaifungua mbele za watu. Alikuwa amewarudishia watu mahindi yenye unyevu. Hili lilikuwa na tofauti gani?

*

Ijumaa baada ya swala, mgahawa ulikuwa umejaa. Boazi alisimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Mchezo wa Ishaka na Dennis ulikuwa sare," alisema. "Nilisoma namba kwenye simu, sikuangalia bao. Kosa ni langu. Bao ni la Nakonde."

Fauzia akaacha kugeuza chapati.

"Wamekupa nini?" sauti ilitoka nyuma.

"Mfiwa huyo, mwacheni," mwingine alisema. "Kichwa bado hakijakaa."

Hilo la pili lilimfikia zaidi kuliko la kwanza, ila kwa mbali, kama mlango uliogongwa nyumba ya pili.

Ishaka alikuja hadi mbele yake. "Mzee Boazi. Nina askofu. Nina askari wawili. Yeye hana kitu. Hana kitu! Sare inatoka wapi?"

"Kaa nikuonyeshe."

"Sikai."

"Basi simama. Mimi Dennis, wewe wewe. Ukinifunga, nimefuta niliyosema, na bao linabaki hapo."

Ishaka akakaa. Mgahawa ukawazunguka mpaka Fauzia akapiga kelele kwamba wanamzibia jiko. Boazi akaweka mfalme kwenye kona na kuanza kumtembeza, kona, jirani, kona, jirani. Sare. Ishaka akapanga upya. Akaja na mfalme kwanza. Sare. Akaja na askofu kutoka upande wa pili. Sare. Akamwacha Boazi atoke kidogo ili amzibie njia ya kurudi, Boazi hakutoka.

"Toka basi!"

"Nitoke niende wapi? Hapa napapenda."

Watu wakacheka, na safari hii hawakumcheka Dennis. Ishaka alijaribu mara tisa. Ya kumi akamwinua askofu wake, akamtazama chini kama anayetafuta nembo ya kiwanda.

"Kumbe huyu hafiki pale," alisema.

"Hafiki."

"Hata siku moja?"

"Wewe ungekuwa na yule wa vyumba vyeusi, Dennis angekufa kabla ya chai kupoa."

Ishaka akamweka askofu mezani polepole. "Umenivua nguo, mzee. Nimenunulia watu soda kreti nne."

"Nilikunywa moja."

"Ulikunywa, ndiyo. Nakumbuka." Akasimama, akalitungua bao, akalitia kwapani. "Nalipeleka mwenyewe. Sitaki waje kulichukua hapa wakicheka." Mlangoni akageuka. "Lakini uamuzi basi. Samahani, Baba Ikupa. Wewe basi."

Hakuna aliyepinga. Wakaulizana palepale nani achukue, wakataja huyu na yule, na kila aliyetajwa alikuwa na adui, mpaka mtu akasema Fauzia, kwa kuwa anawadai wote sawa. Boazi aliona ni biashara halali. Ametoa kitu kibovu, amenyimwa meza. Akalipia chai yake, akaenda kupokea lori.

Walimfukua, kama alivyotarajia. Wiki mbili watu walikumbushana michezo ya zamani, hii aliamuaje, ile aliamuaje. Hawakupata kitu. Biashara ilipungua kidogo, ikasimama, ikarudi. Dennis alipopita tena kuelekea Ndola, Boazi alimwambia trela la tajiri mmoja wa Mbangala ni zima, naye Dennis akalifunga kwenye kichwa cha lori lake bila kuinama. Hawakuzungumzia kingine. Ikupa alikuja Jumamosi, akafua mapazia ambayo hayakuwa machafu, wakala ugali na maharage wakitazama taarifa ya habari.

Oktoba, mchana mmoja wa jua kali, foleni ilisogea katikati ya mchezo wa kirafiki, wachezaji wakakimbia, na Fauzia akabaki peke yake na kete saba ubaoni na sufuria motoni. Boazi alikuwa anapita.

"Baba Ikupa, hebu njoo."

"Mimi si mwamuzi, mama."

"Mwamuzi ni mimi. Nakuuliza wewe kama mtu. Simu inaniambia jumlisha nne."

"Iweke mfukoni."

Akavuta kiti. Mweupe alikuwa na ngome na askari wawili, mweusi ngome na askari mmoja, na wafalme katikati wanatazamana. Mkao mbaya, wa kuvutana. Aliinama. Akatazama upande wa mweupe, akazunguka meza, akatazama upande wa mweusi. Supu ikaanza kuchemka, Fauzia akapunguza moto, akarudi.

"Nani?" aliuliza.

"Bado sijui," alisema Boazi, na hakuinua kichwa.